Siku nne za Thanksgiving na watoto nyumbani: mwongozo kwa familia za Waswahili Marekani

Thanksgiving, yaani Siku ya Shukrani, huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Shule nyingi hufunga Jumatano, na watoto hawarudi darasani mpaka Jumatatu. Sisi tuliokulia Tanga, Mombasa, Bukavu au Kigoma hatukuikuta sikukuu hii kwetu. Hakuna bibi aliyetufundisha kuoka pai ya boga. Mwaka wetu wa kwanza Minneapolis tulikaa siku nne ndani, baridi imetufungia mlango, watoto wameganda mbele ya televisheni, na kufika Jumamosi walikuwa wanapigana ngumi kwa sababu ya rimoti.

Tangu hapo nimeacha kutafuta cha kuwaburudisha. Nawapa kazi. Mtoto akipewa kazi ya kweli, ambayo asipoifanya chakula hakitakamilika, anasahau kuuliza tableti iko wapi. Karibu kila kitu kilichomo humu ni kazi iliyovaa nguo za mchezo, au mchezo unaochezwa wakati kazi inachemka jikoni.

(Walioko Kanada wameshamaliza yao Jumatatu ya pili ya Oktoba. Michezo ni ileile, hifadhini kwa mwakani.)

Jumapili kabla: kikao cha familia

Kaeni mezani wote, hata yule wa miaka mitatu. Weka karatasi kubwa katikati na kalamu za rangi.

1. Kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, ataje chakula kimoja anachotaka kionekane Alhamisi. Usikatae. Kwetu meza imewahi kuwa na bata mzinga, pilau, tambi za jibini na maandazi, na hakuna aliyeugua.
2. Aliyetaja chakula ndiye msimamizi wake. Atasaidia kununua, kuandaa na kupeleka mezani.
3. Gawa vyeo. Kwetu kuna Waziri wa Meza, Mkuu wa Muziki, Mlinzi wa Bata na Mpiga Picha Rasmi. Kitinda mimba wetu aliwahi kudai cheo cha "Bosi wa Mlango", na kweli kila mgeni aliyefika alivuliwa viatu kwa amri.
4. Bandikeni karatasi hiyo kwenye mlango wa friji.

Siku hiyohiyo anzeni mti wa shukrani. Kateni tawi kavu lenye vijitawi vingi, lisimamisheni kwenye jagi lililojaa mawe, kisha kateni majani ya karatasi nyekundu, njano na kahawia. Kila jioni mpaka Alhamisi kila mtu anaandika jani moja na kulitundika kwa uzi. Sharti letu ni Kiswahili tu: "Nashukuru kwa…" Hapo ndipo watoto wanaojibu kila kitu kwa Kiingereza wanalazimika kuuliza neno. Usisahihishe makosa papo hapo, utaua raha. Mwaka juzi nilikuta jani limeandikwa, "Nashukuru kwa baba hakupika." Nililiacha lining'inie hadi Krismasi.

Jumapili jioni: hesabu za bata mzinga

Mlinzi wa Bata anaanza kazi sasa. Bata mzinga wengi huuzwa wakiwa wameganda kama jiwe, na ndani ya friji wanahitaji siku moja kwa kila pauni 4 hadi 5. Mpe mtoto hesabu hiyo aifanye mwenyewe. Bata wa pauni 12, ambaye ni kama kilo 5 na nusu, ukigawanya kwa 4 unapata siku 3. Kwa hiyo atoke kwenye friza Jumapili jioni ili Jumatano jioni awe tayari. Mwekeni kwenye sinia lenye kingo, rafu ya chini kabisa, maji yake yasidondokee mboga. Kisha mtoto abandike karatasi yenye jina la bata na siku ya kuyeyuka. Ndiyo, wetu huwa na jina. Baadhi ya watoto hushindwa kumla aliyepewa jina, kwa hiyo wewe unawajua wako.

Sisi tulijifunza hesabu hii kwa machozi. Mwaka mmoja nilimgusa bata Alhamisi asubuhi, kisu kikagonga barafu. Nikaingia njia ya maji baridi: bata akiwa ndani ya mfuko usiovuja, dakika 30 kwa kila pauni, maji yanabadilishwa kila nusu saa. Ni saa sita za kusimama kwenye sinki, na baada ya hapo karibu saa tatu za oveni. Tulikula saa tatu usiku. Wawili walikuwa wameshalala wamevaa kofia zao za karatasi.

Jambo jingine najua litazua ubishi. Mama zetu walituoshea kuku kwa ndimu na chumvi, na mikono yetu imezoea. Lakini wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani wanashauri nyama ya ndege isioshwe, kwa sababu matone yanayoruka hubeba vijidudu hadi kwenye kachumbari iliyo pembeni. Moto wa nyuzi 165 za Fahrenheit ndani ya nyama, yaani 74 za Selsiasi, ndio unaoviua. Ukishindwa kuacha kuosha, basi watoto watoke jikoni kwanza na sinki lisuguliwe kwa sabuni. Kipimajoto cha nyama mpe mtoto mkubwa asome namba. Chomeni pale paja linapoungana na mwili, bila kugusa mfupa.

Wanaokula halali wasingoje wiki yenyewe. Bata mzinga wa halali huagizwa mapema kwa mchinjaji, na kwa familia ndogo kuku wawili wakubwa wanatosha kabisa. Hawahitaji hata siku tatu za kuyeyuka.

Jumatano: jiko la watoto

Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko Alhamisi yenyewe. Hakuna mgeni, hakuna haraka, nyumba inanukia mdalasini. Kanuni ni moja na haina mjadala: mstari wa tepu sakafuni, mita moja kutoka jiko, na mtoto mdogo hauvuki. Siku ya Thanksgiving ndiyo inayoongoza mwaka mzima kwa moto unaoanzia jikoni katika nyumba za Marekani. Sababu kubwa ni sufuria iliyoachwa peke yake mtu akienda kupiga soga.

Wa miaka miwili na mitatu wape beseni la maji vuguvugu na viazi vitamu waviogeshe. Wataloa, tandika taulo. Wa miaka minne hadi sita wanaponda viazi, wanakoroga, wanachambua dania. Kuanzia saba wanapima unga na kuvunja mayai, kila yai kwenye kikombe pembeni kwanza. Wa kumi na zaidi wanaweza kubeba mapishi mazima ukiwa karibu.

*Jaribio la kranberi.* Nunueni mfuko mmoja wa kranberi mbichi, matunda madogo mekundu machachu. Jirani zetu wa Wisconsin ndio wanaolima nyingi kuliko jimbo lolote. Kabla ya kupika, fanyeni hivi:

1. Mtoto adondoshe tunda moja kutoka urefu wa kifua chake kwenye sakafu ngumu. Zuri litaruka kama mpira, bovu litabaki hapohapo.
2. Azitie zote kwenye bakuli la maji. Zitaelea.
3. Likate moja katikati kwa upana. Ataona vyumba vinne vitupu. Hewa iliyomo humo ndiyo inayolirusha na kulielesha, na wakulima huigeuza kuwa faida: hufurika shamba maji, wakayatikisa matunda yakaelea juu, wakayakusanya.
4. Sasa pikeni. Mfuko wa aunsi 12, kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji. Baada ya kuchemka, dakika kumi hivi. Matunda yataanza kupasuka pa! pa! pa! na watoto wahesabu wakiwa nyuma ya mstari wa tepu. Mimi huongeza ganda la chungwa na kipande cha tangawizi.

*Pai ya boga kwa tui la nazi.* Mtoto aliyezoea kusukuma chapati tayari anajua nusu ya kazi hii. Unga wa pai husukumwa kwa kifimbo kilekile, tofauti ni kwamba siagi iwe baridi na mikono isiukande sana. Ukichoka, nunua ganda lililotengenezwa tayari, la inchi 9 na lenye kina. Hakuna polisi wa pai.

Kwa ndani: kopo moja la boga lililopondwa la aunsi 15 (angalia kopo lisiwe lile lililokwisha kutiwa sukari na viungo), mayai 2, sukari robo tatu ya kikombe, tui zito la nazi kikombe kimoja na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kijiko kimoja cha chai, tangawizi ya unga nusu kijiko, iliki iliyotwangwa nusu kijiko. Mtoto aitwange iliki mwenyewe kwenye kinu kidogo. Harufu hiyo ndiyo ataikumbuka akiwa mtu mzima. Koroga yote, mimina, oka nyuzi 425 za Fahrenheit kwa dakika 15, kisha shusha hadi 350 uoke dakika 40 hadi 50. Ikiwa tayari, kingo zimeshika na katikati panatikisika kidogo kama faluda. Iachwe ipoe saa mbili, halafu iingie friji.

Jirani Mmarekani alionja yetu akauliza siri. Mwanangu wa kati akamjibu kwamba ni siri ya Tanga, akakataa kuitoa.

Alhamisi asubuhi: gwaride, kwanza la New York halafu la sebuleni

Duka la Macy's limekuwa likiandaa gwaride hili New York tangu 1924. Mwaka wa kwanza kulikuwa na wanyama hai walioazimwa kutoka bustani ya wanyama ya Central Park. Maputo makubwa yaliingia 1927, paka Felix wa katuni akiwemo. Kuanzia 1942 hadi 1944 halikufanyika, kwa kuwa mpira na heliamu vilihitajika vitani. Linaonyeshwa na kituo cha NBC asubuhi. Ukiwa Philadelphia, unalo la kwenu lililoanza 1920, ambalo ndilo kongwe kuliko yote. Detroit nao wana la kwao. Anayeweza kwenda kuona kwa macho aende, avae suruali mbili.

Kulitazama tu huchosha watoto baada ya nusu saa. Kwa hiyo usiku wa kuamkia leo chora bingo: karatasi ya vyumba 16, na kila chumba kina kitu cha kuvizia. Puto lenye masikio, mpiga tarumbeta, mtu anayepungia kamera, farasi, mtoto anayelia kwa baridi, mwenye kofia iliyopeperuka. Anayejaza mstari anaruhusiwa kuonja ngozi ya bata kabla ya wote.

Wakati huo huo piga simu kwa bibi. Saa tatu asubuhi Minneapolis ni saa kumi na mbili jioni Tanga, tofauti ya saa tisa. Bibi yupo uani, hajaanza kupika cha usiku. Watoto wamtembeze jikoni kwa simu ya video, wamwonyeshe bata. Mama yangu kila mwaka huuliza swali lilelile: "Ndege mkubwa hivyo, mmewaita watu wangapi?"

Likiisha la televisheni, fanyeni la kwenu:

1. Kila mtoto achague puto au mdoli na kulifunga kwenye fimbo ya ufagio.
2. Masufuria na miiko ni bendi. Kanga ni bendera, na mtoto asome jina la kanga kwa sauti anapopita.
3. Njia: kutoka chumba cha kulala, kupitia korido, mpaka mezani. Ukiishi ghorofani, waarifu wa chini mapema na uwapelekee kipande cha pai. Hii imetuokoa.
4. Mpiga Picha Rasmi arekodi yote, na video iende kwa bibi.

Watoto wenye nguvu za ziada wapeleke nje kabla ya chakula. Katika miji mingi watu hukimbia mbio za asubuhi ya Thanksgiving. Za Buffalo, New York, zilianza 1896 na hazijakoma. Zetu ni kuzunguka mtaa mara moja, tumejibandika namba za karatasi kifuani, na mshindi wa mwisho hupokelewa kwa vigelegele kuliko wa kwanza.

Wakati bata yuko ovenini: hubbub na vitendawili

Sasa kuna pengo la saa tatu hivi, na njaa. Ndilo pengo la hatari. Hapa ninaingiza mchezo ambao watoto wangu sasa wanaudai hata Julai.

Unaitwa hubbub, na ni wa watu wa asili wa New England, Wampanoag wakiwa miongoni mwao. Mwingereza William Wood aliueleza katika kitabu kilichochapwa 1634: vipande vitano vya mfupa, vyeusi upande mmoja na vyeupe upande wa pili, vimewekwa kwenye sinia. Mchezaji hupigisha sinia chini kwa nguvu, vipande vinaruka na kugeuka, huku wanaocheza wakijipiga kifuani na mapajani wakiita "hab, hab, hab!"

1. Chukua maharage makubwa makavu matano, au kokwa tano za pichi zilizooshwa na kukauka. Paka upande mmoja wa kila moja kwa kalamu nyeusi isiyofutika.
2. Weka kwenye bakuli la mbao. Weka pia punje 30 za mahindi katikati ya mkeka kama benki. Mwenye mtoto chini ya miaka mitatu amshike mapajani, vitu hivi humezwa kufumba na kufumbua.
3. Mchezaji anapigisha bakuli mara moja chini. Wengine wote wanapiga mapaja na kuita.
4. Hesabu zetu za nyumbani: zote tano rangi moja, chukua punje tano. Nne rangi moja, chukua mbili na ucheze tena. Nyinginezo, hupati kitu na bakuli linahama.
5. Benki ikiisha, mwenye punje nyingi ameshinda.

Kuna kelele. Ndiyo raha yake.

Wanapochoka mikono, hamieni kwenye vitendawili. Mtoto mmoja anasema "Kitendawili!" wote wanajibu "Tega!" Anzia na vyepesi: nyumba yangu haina mlango (yai), kuku wangu katagia miibani (nanasi), hulala tulalapo na huamka tuamkapo (jua). Wakishindwa wanatoa mji, na hapo ndipo wangu hupagawa. Mtegaji aliyepewa mji anaenda huko kwa maneno, anasimulia alivyopokelewa, alivyolishwa, alivyofanywa mfalme, ndipo atoe jibu. Mkubwa wangu aliwahi kupewa Duluth, mji wa huku Minnesota, akarudi na hadithi ya dakika kumi kuhusu samaki anayeuza soksi. Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika pande zote na hatukumkatiza.

Mezani: Kweli au Uongo

Shuleni watoto huletewa hadithi ya 1621, ya karamu ya wahamiaji Waingereza na Wampanoag huko Plymouth, Massachusetts, ikiwa imesafishwa sana, wakati mwingine na mataji ya manyoya ya karatasi. Hayo mataji mimi siyaruhusu nyumbani. Mavazi ya watu si kichekesho, na mtoto wa Mswahili aliyewahi kuulizwa shuleni kama kwao wanaishi na simba anaelewa haraka kwa nini.

Badala yake tunacheza Kweli au Uongo. Msomaji anasoma, kila mtu ananyoosha kijiko juu kwa kweli au anakilaza kwa uongo.

"Karamu ya 1621 ilidumu siku tatu." Kweli. Imo katika barua ya Edward Winslow, mmoja wa wahamiaji hao, ya Desemba 1621.

"Wageni walikuja mikono mitupu." Uongo. Massasoit, kiongozi wa Wampanoag, na watu wake wapatao 90 waliwinda na kuleta paa watano.

"Barua hiyo inamtaja bata mzinga." Uongo. Inasema ndege tu.

"Walikula pai na viazi vya kuponda." Uongo, viazi vilikuwa bado havijafika huko.

"Sikukuu imeadhimishwa kitaifa kila mwaka tangu siku hiyo." Uongo. Mwandishi Sarah Josepha Hale aliandika barua kwa miaka mingi akiidai, Rais Lincoln akaitangaza 1863, na Bunge likaifunga kwenye Alhamisi ya nne mwaka 1941.

"Wampanoag wamekwisha." Uongo, na hapa tunasimama kidogo. Wapo Massachusetts hadi leo, Mashpee na Aquinnah. Tangu 1970 watu wa asili na marafiki zao hukusanyika Plymouth siku hii hii ya Thanksgiving kwa maombolezo, maana wao wanakumbuka ardhi na ndugu waliopotea. Wa miaka mitano atasikia sentensi mbili zitamtosha. Wa kumi na mbili atauliza maswali. Mjibu.

Baada ya hapo tunayachuma majani ya mti wa shukrani na kila mmoja anasoma la mwenzake, si lake.

Ijumaa: nje

Madukani leo kuna vurugu za Black Friday, siku ya bei za punguzo. Kumpeleka mtoto wa miaka mitano kwenye foleni ya televisheni saa kumi na moja alfajiri ni adhabu kwenu nyote.

Nendeni bustanini. Hapa Minnesota, bustani za jimbo kwa kawaida hazidai ada ya gari Ijumaa hii, lakini hakikisha kabla ya kutoka. Majimbo mengine nayo yana mpango kama huo. Sisi huenda Fort Snelling, pale mto Minnesota unapoingia Mississippi. Wadakota, watu wa asili wa hapa, wanapaita Bdote, makutano ya maji, na ni mahali patakatifu kwao. Ndipo pia, majira ya baridi ya 1862 kuingia 1863, Wadakota wapatao 1,600, wengi wanawake, watoto na wazee, walipozuiliwa kambini baada ya vita kati ya Wadakota na Marekani. Ijumaa hii kitaifa imetengwa kuenzi urithi wa watu wa asili, kwa hiyo siku na mahali vinakutana. Tunawasomea watoto kibao kimoja, tunanyamaza kidogo, halafu tunawaachia wakimbie.

Wape orodha ya kusaka: nyayo kwenye theluji au tope, jani lenye ncha tano, manyoya, jiwe lenye mstari, kitu chekundu, sauti ya ndege mmoja. Wasichume, wapige picha. Bata mzinga mwitu wanaonekana hata mitaani Minneapolis. Waambie watoto kwamba hulala juu ya miti, kisha watazame shingo zao zikienda juu.

Vaeni tabaka tatu, soksi za akiba mfukoni, chai ya maziwa kwenye chupa. Na angalia saa: mwishoni mwa Novemba jua letu huzama saa kumi na nusu jioni. Wasio na gari wapande treni ya Blue Line mpaka Minnehaha, maporomoko ya mita 16 ambayo baridi ikishika huanza kuganda kama pazia. Hapo kuingia ni bure siku zote.

Jumamosi: sambusa za mabaki na bao la boksi la mayai

Nyama iliyobaki iliingia friji ndani ya saa mbili baada ya kula, sivyo? Basi mna mpaka Jumatatu kuimaliza. Chambua bata vipande vidogo, kaanga na kitunguu, pilipili hoho, bizari na dania. Watoto wakunje manda, gundi ni unga na maji. Za kwanza zitakuwa na umbo la viatu, za kumi zitakuwa sambusa. Kukaanga ni kwa mkubwa. Mifupa itie sufuriani na karoti upate supu.

Mafuta yakipoa, toa boksi tupu la mayai 12. Kata kifuniko katikati, kila kipande ni ghala la mchezaji mmoja, moja kila mwisho. Tia kete nne kila shimo, jumla 48, za maharage makavu. Mchezaji anachota shimo moja la upande wake, anapanda kete mojamoja kuelekea kulia, akipita ghala lake anaacha moja. Kete ya mwisho ikidondokea ghalani mwake, anacheza tena. Upande mmoja ukikauka mchezo umekwisha, ghala zihesabiwe. Hili ni bao la kujifunzia tu. Bao letu la kete lina mashimo 32 na kete 64, na baba watoto analilinda kama siri ya serikali, ila tayari wa kati ameanza kumnyemelea.

Jumapili: polepole

Usipange kitu. Kazi za shule zitolewe mkobani kabla ya saa sita mchana, maana saa mbili usiku ndipo mtoto hukumbuka mradi wa sayansi. Mchana waandike kadi moja ya karatasi kwa bibi, waichore bata kwa kufuatisha kiganja: kidole gumba ni kichwa, vinne ni mkia. Itachukua wiki kadhaa kufika Tanga, na bibi ataibandika kabatini.

Mwisho kuna ule mfupa wa kidari wenye umbo la V. Ulipaswa kutolewa Alhamisi, ukaoshwa na kuanikwa dirishani, kwa kuwa mbichi unapinda tu, haukatiki. Jioni hii umekauka. Watoto wawili wanashika kila mmoja upande wake, wananuia kimoyomoyo, wanavuta. Mwenye kipande kirefu ndiye atakayepata alichonuia. Tunao watatu na mfupa ni mmoja, kwa hiyo siku hizi Alhamisi nachoma kuku pia.